Nimepandisha pawa mpaka mwisho na waifai imezidi kuharibika, ninunue kifaa kikubwa zaidi?

Swali: Shikamoo fundi. Nauza waifai ya mtaani huku Mishomoroni, Mombasa, wateja kama 60. Faiba inaingia kwenye ghorofa letu, juu ya paa nina mlingoti mmoja una vitu vitatu: antena ya kuzunguka ya gigahezi 2.4 kwa simu za watu, dishi la gigahezi 5 linaloenda jengo lililo kilomita 1, na dishi jingine linalovuka maji kwenda Tudor, kama kilomita 3. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari. Sasa wenzangu wawili wameweka zao mtaa huohuo, na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano hakuna kitu, simu inaonyesha waifai imejaa lakini haifungui. Nimepandisha pawa mpaka mwisho, nikabadilisha nchi kwenye mipangilio ili ipande zaidi, nikaweka antena kubwa ya 12 dBi na chaneli pana ya megahezi 40. Wiki moja ikawa nzuri kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Na hiyo linki ya Tudor kuna saa inakatika yenyewe hata mvua hakuna. Ninunue kifaa chenye pawa zaidi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Hiyo hela iweke, mbele ntakwambia uinunulie nini, na ni kitu cha bei ndogo kuliko hicho unachokifikiria.

Kwenye swali lako kilichonishika ni ile wiki moja nzuri, manake ndani yake ndiyo mna ugonjwa wote. Ulipopandisha pawa wateja wako wakakusikia vizuri, sawa, lakini palepale wateja wa wenzako wakaanza kuhangaika, simu zikapigwa, "mbona net haisongi leo", na yule mwenzako naye akapanda kwenye paa lake akafanya kilekile ulichofanya wewe, na wa tatu pia. Kufika mwisho wa wiki nyote watatu mko juu kabisa, tofauti kati ya sauti yako na kelele zao imerudi palepale ilipokuwa, na sasa hakuna aliyebakiwa na nafasi ya kupanda tena. Ukileta kifaa kikubwa zaidi utapata wiki nyingine nzuri, na baada ya hapo wenzako nao watajua duka ulilonunulia.

Hesabu ya jambo hili ilishaandikwa zamani. Mwaka 1993 Foschini na Miljanic walichapisha njia moja nyepesi sana ya vifaa vinavyotumia masafa mamoja kugawana hewa: kila kifaa kinapewa lengo, yaani sauti yake iwe juu ya kelele kwa kiasi gani pale kwa anayepokea, kisha kinajipima kila mara, kikijikuta juu ya lengo kinapunguza, kikijikuta chini kinaongeza, na hakimuulizi mwenzake kitu. Walichokionyesha ni kwamba kama malengo ya wote yanawezekana kwa pamoja basi vyote vinatulia vyenyewe, tena vinatulia kwenye pawa ndogo kabisa inayotosha. Kama malengo hayawezekani, vyote vinapanda mpaka vinagonga dari. Simu za 3G zinafanya kazi ya namna hiyo kila siku, mnara unaiambia simu ongeza au punguza mara 1500 kwa sekunde moja, ili aliyesimama chini ya mnara asimzamishe yule aliye mbali. Waifai haina wa kumpa amri hiyo, kila mwenye paa anaamua lake, na nyinyi watatu mmeshagonga dari. Sasa kazi ni kupunguza malengo na kutenganisha njia zenu ili yawezekane.

Kabla sijaenda mbele tuelewane lugha ya desibeli, vumilia kidogo sababu bila hii utakuwa unabahatisha tu kwenye mipangilio. Ukiongeza 3 umezidisha pawa mara mbili, ukiongeza 10 umezidisha mara kumi. dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1: 20 dBm ni miliwati 100, 27 dBm ni miliwati 500, 30 dBm ni wati 1. Antena nayo inajumlishwa, ile dBi yake ni desibeli inazokuza upande inakoelekea, kwa hiyo ruta yako ikiwa imepandishwa mpaka 27 na antena ni ya 12 kinachotoka upande inakoelekea ni 39 dBm, karibu wati 8. Ulaya kwenye 2.4 kikomo ni 20 dBm pamoja na antena, yaani miliwati 100. Wewe umeizidi hiyo mara 80, kwenye mtaa ambao nyumba zimeshikana kuta.

Sasa simu ya mteja. Simu nyingi zinarusha kwenye 15 dBm hivi, betri yake ndogo na antena yake imefichwa ndani. Wewe unasema kwa 27, yeye anajibu kwa 15, tofauti 12, yaani umemzidi mara 16 hivi. Vile vijistari vya waifai kwenye simu vinapima kitu kimoja tu, simu inakusikia vipi. Havipimi wewe unamsikia vipi. Ndiyo mana imejaa na haifungui, simu inaomba ukurasa, ombi halifiki, inaomba tena, halifiki, na kila ombi linalorudiwa linachukua hewa ya wengine 59. Pawa ya ruta yako ikikaribia ile ya simu, tuseme 15 au 17, simu zilizo mbali zitaacha kujidanganya kwamba ziko karibu, na za karibu hazitaona tofauti yoyote.

Utaniambia, sasa ile antena ya 12 si inanisaidia na kusikia? Inasaidia, kweli, antena inasikia kwa nguvu ileile inayosemea. Lakini haichagui. Iko juu ya ghorofa, inazunguka pande zote, kwa hiyo inamsikia mteja wako wa ghorofa ya pili na inasikia pia kila ruta ya nyumbani kutoka kwako mpaka barabarani. Na kuna kitu wauzaji hawakisemi: antena ya kuzunguka ikiwa na 12 imeipata kwa kubanwa juu na chini, mwale wake umekuwa bapa kama chapati, digrii 7 hivi kwa wima. Watu walio chini ya jengo lako kabisa, wale ambao ndio majirani zako wa kwanza, wanapitiwa juu ya vichwa. Mawimbi yanaenda kumsumbua mtu asiyekujua ng'ambo ya barabara.

Kisha kuna adabu ya waifai yenyewe. Kifaa kabla hakijasema kinasikiliza kwanza, kikisikia mwenzake anasema kwenye chaneli hiyo kinanyamaza kinangoja. Mlango wa kungoja uko chini sana, kikisikia waifai nyingine kwenye -82 dBm, ambayo ni sauti ya mbali mno, kinangoja. Kelele isiyokuwa waifai mpaka ifike -62 ndiyo kinangoja. Mahali pa wazi ukiongeza desibeli 6 unasikika mara mbili ya umbali, kwa hiyo ukipandisha kutoka 15 mpaka 27 unasikika mara 4 ya umbali, eneo lake ni mara 16, na kila kifaa ndani ya eneo hilo kilicho kwenye chaneli yako kinakungojea wewe. Na wewe unawangojea wao maana nao wamepandisha. Saa nane mchana watu wako kazini hamlioni hili, saa mbili usiku kila mtu amerudi, mpira unaangaliwa, watoto wako kwenye video, hapo ndipo foleni inaonekana.

Nikuonyeshe kitu kidogo kinachokula hewa hata mteja asipogusa simu. Kila jina la waifai linajitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, na likiwa bado limeachwa kwenye spidi ya kizamani ya mega 1, tangazo moja la baiti 300 linachukua milisekunde 2 na nusu hivi. Mara kumi, ni milisekunde 25 katika kila sekunde, asilimia 2 na nusu ya hewa. Kidogo, si ndiyo? Sasa nyinyi ni watatu, na najua jinsi watu wa biashara hii wanavyoweka majina, moja la vocha, moja la wateja wa mwezi, moja la kamera, moja la kwako nyumbani. Majina 4 mara watu 3 ni 12, mkiwa chaneli moja asilimia 30 ya hewa imekwenda kabla mtu yeyote hajafungua kitu. Kwa hiyo leo hii, kabla ya jambo lolote, bakisha jina moja, mengi sana mawili, alafu zima spidi za kizamani, 1, 2, 5.5 na 11, ziondoke kabisa, spidi ya chini ianzie 12. Simu za sasa hazina shida na hilo. Faida ya pili ni kwamba ile simu iliyo mtaa wa tatu inayojikokota kwa mega 1, ambayo pakiti yake moja inatumia muda ambao wa karibu angetuma makumi, itashindwa kuingia, na ndivyo inavyotakiwa. Najua inauma kumuacha mteja, lakini huyo mmoja anakulia wateja kumi.

Chaneli ya 40 kwenye 2.4, toa. Masafa yote ya 2.4 ni megahezi 83.5 tu, chaneli za 20 zisizogusana zinaingia tatu, 1, 6 na 11. Ukichukua 40 umechukua sehemu mbili kati ya tatu za mtaa mzima na bado umeongeza kelele yako mwenyewe, sababu ukizidisha upana mara mbili unakusanya kelele mara mbili, desibeli 3 zimekwenda bure. Na usikae kwenye 3 au 4 au 8 ukidhani umepata pahali patupu katikati. Ukiwa kwenye 1 pamoja na mwenzako mtasikilizana na kupeana zamu. Ukiwa kwenye 3 humuelewi wa 1 wala wa 6, yeye ni kelele kwako na wewe ni kelele kwao, hakuna anayempa mwenzake zamu, mnagongana tu.

Sasa tupande kwenye mlingoti wako, sababu mi nadhani nusu ya shida yako ya 5 unajifanyia mwenyewe. Una madishi mawili kwenye bomba moja, pengine mita moja kati yao. Dishi la kwanza linarusha 25 dBm, la pili wakati huohuo linajaribu kusikia kitu kutoka Tudor kinachofika kwenye -46. Tuseme kwa kuwa yameelekea pande tofauti yametengana desibeli 60, na hiyo ni bahati nzuri kwa vifaa vya bei yetu. 25 kutoa 60 ni -35. Yaani sauti ya ndugu yake inaingia kwenye sikio lake ikiwa juu ya sauti ya Tudor kwa desibeli 11, zaidi ya mara 12. Ukiweka chaneli mbalimbali sehemu kubwa inachujwa, lakini si yote, na vipimo vya kelele vilivyo ndani ya vifaa vyenyewe havikuonyeshi hili vizuri kwa sababu kelele inakuja vipande vipande, inakuja pale tu mwenzake anaposema. Kipimo chake ni rahisi: zima dishi la kilomita 1 dakika tano saa za usiku na uangalie Tudor inapanda kiasi gani. Ikipanda, mwizi yumo nyumbani.

Dawa yake ni hizo hela nilizokwambia uziweke. Nunua bomba la pili na vibano vyake, dishi moja lihamie pembe nyingine ya paa, tenganisha hata mita 5 au 6, na ikiwezekana ukuta wa tangi la maji au wa ngazi uwe katikati. Chaneli zipishane angalau megahezi 60. Kama vifaa vyako vyote ni vya aina moja na vina uwezo wa kurusha kwa zamu moja, kwamba vyote vinasema pamoja na vyote vinasikiliza pamoja, washa. Baada ya hapo ndipo ushushe pawa.

Unaogopa kushusha, najua, kila mtu anaogopa. Basi tupige hesabu ya Tudor. Kilomita 3 kwenye gigahezi 5.8 umbali unakula desibeli 117. Dishi la 23 kila upande. Ukirusha 25: 25 na 23 na 23 ni 71, toa 117, inafika -46. Hiyo ni sauti kubwa isiyo na kazi. Ukirusha 12: inafika -59. Kelele ya kawaida ya kifaa kwenye chaneli ya 20 ni -95 hivi, usiku mtaani kwenu tuseme imepanda mpaka -88, bado una desibeli 29 juu ya kelele, na spidi ya juu ya vifaa vya kizazi cha n, yaani Wi-Fi 4, inataka kama 25. Kutoka 25 kwenda 12 umepunguza pawa mara 20 na linki ina afya yake. Tena kuna jambo la ajabu utaliona kwa macho: vifaa vingi vikisukumwa mpaka mwisho vinarusha mawimbi machafu, kama spika ya bei rahisi ikifunguliwa mpaka mwisho, sauti inakuwa kubwa lakini inakwaruza, na spidi za juu zinahitaji mawimbi safi. Mara nyingi nimeshusha desibeli 4 au 5 kwenye linki ya mtu na spidi ikapanda palepale, mwenye nyumba ananiangalia kama nimefanya kiini macho.

Shusha 3, ngoja dakika kumi, angalia pande zote mbili, shusha tena 3. Utakapoona spidi ya kurusha imeanza kuteremka rudisha 3 na uishie hapo. Na upande wa Tudor ushuke pia, usishushe wako peke yako.

Kuhusu kukatika kwa linki ya Tudor bila mvua, ntakuuliza swali ambalo pengine hukulitarajia: umeangalia maji? Ule mkondo unajaa na kukupwa, siku za bamvua maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi. Mawimbi yako yanafika Tudor kwa njia mbili, moja inakwenda moja kwa moja na nyingine inagonga uso wa maji kisha inafika. Zikifika pamoja zinasaidiana, zikifika moja imechelewa nusu wimbi zinauana. Piga hesabu: madishi yote mawili yako mita 15 juu ya maji yakijaa, njia ya kugonga maji ni ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa sentimita 15. Maji yakikupwa mita 3 madishi yamekuwa mita 18 juu, tofauti inakuwa sentimita 21 na nusu. Imebadilika sentimita 6 na nusu, na wimbi la 5.8 urefu wake ni sentimita 5 na kidogo. Kwa hiyo kati ya kujaa na kukupwa unapitia mzunguko mzima, lazima kuna wakati hapo katikati njia mbili zinauana, iwe jua iwe mvua. Nilishawahi kuitwa mara tatu kwa linki moja ya kuvuka maji, mwenyewe alishabadilisha vifaa viwili na kumlaumu fundi wa kwanza, na kilichonifumbua macho ni mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu pale chini aliyesema tu "leo maji yamekupwa sana". Ukiipandisha pawa, njia zote mbili zinapanda pamoja na zinauana vilevile. Kinachosaidia ni kushusha dishi moja mpaka ukingo wa paa au ukuta uzibe ile njia ya kugonga maji huku bado mnaonana na ng'ambo, au kuweka dishi la pili mita kadhaa chini ya la kwanza kama biashara ya Tudor inalipa.

Sasa hili la kubadilisha nchi. Hapa sitakubembeleza, rudisha Kenya leo. Unapochagua nchi nyingine hupati pawa tu, unaweza kuzima pia ulinzi wa rada. Sehemu kubwa ya 5 si yetu, tumekaribishwa, wenyewe ni rada, na makubaliano ya dunia ya mwaka 2003 kule Geneva yalituruhusu kwa sharti kwamba kifaa kisikilize kwanza: sekunde 60 kimya kabla ya kurusha, kikisikia rada kihame, na kisirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ulaya kati ya megahezi 5600 na 5650, kwenye rada za hali ya hewa, kusikiliza ni dakika 10. Watu wanaona ni usumbufu. Lakini mwaka 2009 kule San Juan, Puerto Rico, rada ya uwanja wa ndege inayotafuta zile pepo za ghafla zinazoangusha ndege wakati wa kutua ilianza kuonyesha michirizi, na wakaguzi walipofuatilia ile michirizi ilikuwa inaelekea kwenye mapaa ya watu kama mimi na wewe, watoa intaneti wadogo wenye vifaa vya nje kwenye 5600 mpaka 5650 ambavyo kusikiliza rada kulikuwa hakufanyi kazi. Mwale mmoja wa dishi ulitosha kuficha kipande cha anga. Wewe uko mji wenye uwanja wa ndege na bandari. Vikomo vya pawa vya hapa kwetu vimo kwenye mwongozo wa Mamlaka ya Mawasiliano, hao CA, uombe uusome, na ukumbuke kujumlisha antena.

Kuna mahali wameweka refa kabisa. Marekani kwenye megahezi 3550 mpaka 3700 wamegawa watumiaji madaraja matatu: juu kabisa rada za meli za jeshi la wanamaji, kisha walionunua leseni, kisha mtu yeyote. Kanuni zilitoka 2015 na biashara ikafunguka kikamilifu 2020. Kila redio inajiandikisha kwenye mfumo, inasema iko wapi, urefu gani, antena gani, na mfumo ndio unaiambia tumia chaneli hii na pawa isizidi hapa, na kuna vipokezi pwani vinavyosikiliza meli, ikitokea meli redio zinahamishwa au kuzimwa ndani ya dakika chache. Wale wa daraja la chini wanabanana kama nyinyi lakini kuna wa kuwapanga. Napenda sana wazo hilo na natamani lifike kwetu hata kwa sura ndogo. Kwenye 2.4 na 5 refa hayupo, wa kupanga ni nyinyi wenyewe.

Kwa hiyo wapigie hao wenzako wawili. Najua mnagombania wateja walewale. Mimi nilishakaa kikao cha namna hiyo, watu watatu hawasalimiani, kahawa ikaja na kashata, nikafungua laptopu nikawaonyesha picha ya masafa ya saa tatu usiku, chaneli zote nyekundu, na kila mmoja akaona jina lake mle. Hakuna aliyebisha. Wakagawana pale pale, wewe 1, wewe 6, wewe 11, na kwenye 5 kila mmoja kipande chake, kisha wakateremka pamoja usiku mmoja kwa saa moja wakiwa kwenye simu, maana akiteremka mmoja peke yake siku ya kwanza ataumia kweli na atarudi juu kwa hasira. Hilo la kuteremka pamoja ndilo gumu na ndilo lenye faida. Mkikubaliana nendeni 15 wote kwa simu za watu, na madishi kila mtu ashushe mpaka -60 hivi upande wa pili.

Akikataa mmoja, bado shuka kwa simu zako, ondoa ile ya kuzunguka, weka vituo vidogo ndani ya majengo, kimoja kwa kila ghorofa mbili, kwenye 5 pale simu zinapokubali, maana ukuta ambao unakuudhi wewe unamzuia na yeye. Mteja aliye mita 8 kutoka kituo chako haumizwi sana na kelele ya jirani aliye mita 100 nyuma ya kuta.

Kabla hujagusa chochote chukua daftari. Kila siku saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa tatu usiku, andika linki zote mbili: kiwango cha kupokea pande zote, kelele, spidi ya kurusha. Pembeni andika maji yamejaa au yamekupwa. Fanya wiki mbili kamili ili upite bamvua na maji mafu, zile siku maji hayapandi wala kushuka sana, kisha niletee hizo karatasi pamoja na picha ya mlingoti, piga kutoka chini na kutoka pembeni, nione madishi yameachana kiasi gani.